Barua Iliyochafuliwa

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja: ukifika kwenye geti la chuo, undugu unaishia hapo. Binti hutangulia, mjomba wake hufuata nyuma taratibu, kama watu ambao hawajawahi kula sahani moja. Nyumbani alimwita Mjomba. Darasani alimwita Mwalimu, tena kwa kunyoosha mkono kwanza, sawasawa na wenzake mia tatu waliobanana kwenye ukumbi ule.

Mjomba mtu alifundisha wanafunzi wa teknolojia somo la mawasiliano ya maandishi. Mainjinia wale watarajiwa walilidharau kupita kiasi. Walikuja kutengeneza mitambo, sasa huyu mzee anawasumbua na aya na nukta za nini? Wengi walikuja kwa sababu jina linaitwa mlangoni. Yeye hakuchoka. Kila muhula aliwapigia wimbo uleule: sema tatizo, sema sababu, sema athari, sema dawa, ukimaliza, msomee mtu asiyejua ufundi wako, na asipoelewa, kosa ni lako, si lake.

Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuogopa midomo ya watu, kazi za mpwa wake hakuzigusa kabisa. Alizipeleka kwa mwenzake wa ofisini azisahihishe yeye. "Asije mtu akasema nimembeba," alisema. Uadilifu mtupu! Kumbe alikuwa anamchimbia mtoto shimo kwa mikono yake mwenyewe, maskini ya Mungu, na hakujua.

Mwenzake huyo wanafunzi walimbandika jina la Bwana Asilimia. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa kijana mpole mwenye mlima wa kazi za kusahihisha, na chuo kilikuwa kimenunua programu inayosoma maandishi na kutaja ni asilimia ngapi yameandikwa na mashine badala ya mtu. Mwalimu alisahihisha kwa macho yake na kalamu nyekundu. Bwana Asilimia aliitazama namba kwanza, na ikiwa kubwa, hakuona haja ya kusoma.

*

Mchana mmoja binti aliingia nyumbani kabla ya saa yake ya kawaida. Mama yake, dada mdogo wa Mwalimu ambaye waliishi nyumba moja, alikuwa sebuleni akishona sare za shule. Sebule ile ndiyo ilikuwa karakana yake. Vitambaa vilikalia makochi na wageni walikalia vigoda.

"Mbona mapema? Unaumwa?"

"Nimeitwa kamati ya nidhamu."

"Umepigana na mtu?"

"Mama! Nipigane na nani? Wanasema ripoti yangu imeandikwa na kompyuta."

Fundi akaondoa mguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza. "Si uliandika kwa kompyuta kweli? Nilikuona mwenyewe hapo."

"Niliandika kwa kompyuta, ndiyo. Wao wanasema kompyuta ndiyo iliyotunga. Yenyewe. Mimi nikaiba tu na kuweka jina langu."

"Ebo! Yaani kompyuta ilikaa mezani kwangu ikajiuliza kwa nini cherehani yangu inanipiga shoti?"

Maana ripoti yenyewe ilihusu cherehani ile ile. Mwalimu alikuwa amewapa kazi: tafuta kifaa kibovu nyumbani kwenu, umweleze mwenye nacho ubovu wake mpaka ajue la kufanya. Binti akachagua mota ya cherehani ya mama yake, iliyokuwa ikimrusha kila alipogusa chuma. Jioni baada ya jioni alimsomea mama aya baada ya aya. "Hapo umeelewa?" "Sijaelewa. Insulesheni ndiyo mdudu gani?" Binti akafuta, akaandika kwamba ngozi ya waya imechubuka ndani, umeme unavuja na kuingia kwenye chuma. "Haya, hapo nimekupata," mama akasema. Siku ripoti ilipokwisha, fundi aliisikiliza yote mwanzo hadi mwisho, akachomoa waya ukutani na kwenda kununua mpya bila kumuuliza mtu. Mwalimu alikuwa amekaa kiti cha pili, akijifanya anasoma gazeti, na moyo wake ulikuwa umejaa. Kwa miaka yote aliyofundisha, hakuwahi kuona somo lake likishika namna ile.

*

Asubuhi iliyofuata Mwalimu alimkabili Bwana Asilimia ofisini.

"Mwenzangu, yule mtoto aliandika mezani kwangu. Macho yangu haya yaliona."

"Sikatai, Kaka. Lakini tisini na moja!" Bwana Asilimia akamgeuzia kioo cha kompyuta. Ripoti nzima ilikuwa imepakwa rangi nyekundu, mstari hadi mstari, kasoro jina.

"Imeona nini humo?"

"Haisemi imeona nini. Inasema kiasi."

"Basi niambie wewe. Wewe umeona nini?"

Bwana Asilimia akakuna kidevu. "Imenyooka mno, Kaka. Tatizo, sababu, athari, dawa. Hakuna kujirudia, hakuna kupotea njia. Wanafunzi wetu hawaandiki hivi."

"Ndivyo ninavyowafundisha!"

"Unawafundisha wote. Mbona wengine hawaandiki hivyo?"

Alisema bila ubaya wowote, na ndiyo maana likauma zaidi. Mwalimu atasema nini? Kwamba somo lake limewapita mia tatu kasoro mmoja, na huyo mmoja ni mtoto wa dada yake?

Akapanda ghorofani kwa Mkuu wa Idara, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati. Mkuu alimpokea vizuri, akamvutia kiti, akamsikiliza huku akitikisa kichwa kwa huruma.

"Ushahidi wako siwezi kuuingiza," akasema. "Wewe ni mjomba wake. Na mama yake ni mama yake. Hakuna shahidi mwingine asiye ndugu?"

"Mtu baki atakuwa anafanya nini mezani kwangu jioni?"

"Ndiyo hapo sasa."

"Basi mkalisheni aandike mbele yenu! Mpeni karatasi, mpeni kifaa chochote, muone."

"Utaratibu hauna kifungu hicho, ndugu yangu. Nikimfanyia yeye, kesho wote wanataka." Mkuu akaegemea mbele, akashusha sauti kama daktari anayempa mgonjwa habari mbaya. "Nisikilize kama rafiki. Akikiri, atarudia somo lako mwakani, habari imekwisha. Akikataa, kamati ikimkuta na hatia, anafukuzwa chuo. Na kwa namba kama ile, kamati haijawahi kumwachia mtu. Mwambie aandike barua ya kukiri. Tena aandike mwenyewe! Barua nazo tunazipitisha kwenye programu. Mwaka jana kuna mmoja alikiri kwa barua iliyoandikwa na mashine." Akacheka mpaka akatoa leso. Mwalimu naye akacheka kidogo, kwa adabu, na baadaye njiani alijichukia kwa kicheko kile.

*

"Akiri," akasema fundi, hata kabla kaka yake hajamaliza kueleza.

"Nikiri nini?" Binti aliruka kama aliyemwagiwa maji. "Nikiri kwamba nimeiba kazi yangu mwenyewe?"

"Unajua ni mara ngapi mteja ameniambia nimemlia kitambaa chake? Sikula. Kitambaa alileta kifupi. Nikamnunulia kingine, nikamwomba na msamaha juu. Unadhani nilifanya hivyo kwa kuwa nina makosa? Nilitaka kesho watu waendelee kuleta nguo, wewe uende shule."

"Mimi siyo kitambaa, Mama."

"Ndiyo, wewe siyo kitambaa. Wewe ndiye niliyemshonea." Fundi akapangusa macho kwa kipande cha sare. "Kaka, mwambie mtoto. Mimi hanisikii."

Binti akamgeukia mjomba wake. "Mjomba, sema wewe. Wewe ndiye uliyetuambia kwamba ukiandika uongo, hata ukiupamba vipi, msomaji atauona. Sasa niambie niandike nini."

Mwalimu alitazama sakafu iliyojaa vipande vya nyuzi. Akilini alimwona mpwa wake amefungasha mabegi, yuko hapohapo sebuleni, anapiga pasi sare za watoto wa watu mpaka uzeeni.

"Kiri," akasema.

Binti hakulia. Alimtazama tu, na Mwalimu angependelea alie. Kisha akavuta karatasi na kalamu, akaandika bila kuinua kichwa, akamsukumia mjomba wake.

*Ripoti niliyowasilisha si kazi yangu. Nilitumia programu ya kompyuta kuiandika, kwa sababu muda uliniishia na niliogopa kushindwa. Nimekosa. Naomba radhi, na naomba nafasi ya kurudia somo.*

Mwalimu aliisoma mara mbili. Ilikuwa barua safi kabisa, haina neno la kuongeza wala la kupunguza, na haikuwa na sentensi ya kweli hata moja. Angekuwa darasani angempa alama zote.

*

Pembeni ya geti la chuo kulikuwa na duka la kuchapa na kutoa nakala. Mwenye duka, kijana mnene mcheshi, wanafunzi walimwita Mchafuzi. Kuchapa ilikuwa biashara yake ya kwenye kibao cha mlangoni. Biashara yenyewe ilikuwa kuchafua. Wanafunzi walimletea kazi walizoandikiwa na mashine, naye akazivuruga: hapa anarudia neno, pale anakata wazo katikati, kwingine anapachika habari isiyohusika, mpaka programu ya chuo ikiisoma iseme huyu kweli ni mtu. Chuo kizima kilimjua. Walimu pekee ndio walijifanya hawamjui.

Mwalimu na mpwa wake walikwenda pamoja, mchana kweupe, na kwa mara ya kwanza hawakuachana getini. Foleni ilikuwa ndefu. Wanafunzi walipomwona, wote ghafla wakapata mambo ya kutazama: mmoja ukuta, mmoja kucha, mwingine akaficha karatasi zake ndani ya shati.

"Shikamoo, Mwalimu," wakaamkia kama watoto wa chekechea.

"Marahaba. Endeleeni."

Wapi! Wakampisha wote, akajikuta mbele ya kaunta jasho likimtoka. Alitaka tu kuipima barua kabla haijafika kwenye kamati. Mchafuzi aliipokea, akaipiga chapa upesi, akaipitisha kwenye programu aliyokuwa nayo, sawa na ile ya chuo.

"Themanini na nane," akatangaza.

"Haiwezekani! Ameandika kwa mkono wake, mbele yangu!"

"Mwalimu, mimi sibishani nayo. Ile ni mashine." Mchafuzi akamtazama binti kwa huruma, akaelewa mambo yalivyo, akapunguza sauti. "Iache hapa. Dakika chache tu nitakuwa nimeishughulikia."

"Hapana," akasema Mwalimu. "Hilo nitalifanya mwenyewe."

Akakaa kwenye benchi, akatoa kalamu yake nyekundu. Binti alisimama nyuma yake. Mkono uliozoea kunyoosha sentensi za watu leo unatafuta mahali pa kuipinda sentensi ya mtoto wa dada yake. Akarudia neno hapa. Akageuza sababu ikatangulia kosa. Akaongeza "kwa kweli" mahali pawili, na kila alichoongeza kilimuuma kama mtu anayejing'oa jino. Akampelekea Mchafuzi kwa kujiamini kidogo.

"Sabini na tisa," akasema Mchafuzi. Akaisoma, akatikisa kichwa. "Mwalimu, niwie radhi. Hata uchafu wako umepangwa. Umekosea kwa zamu."

Kicheko kilianza nyuma ya foleni, kikazimwa kwa kikohozi. Mwalimu alisimama pale na kalamu yake mkononi. Mpwa wake akamshika kiwiko, akasema polepole, "Mpe tu, Mjomba. Mpe tuondoke."

Akampa. Mchafuzi akavuta kiti, vidole vikaanza kucheza kwenye kibodi, na huku anaongea. "Mimi nilikuwa darasani kwako, hunikumbuki. Safu ya mwisho kule. Kila kazi yangu uliandika: sielewi unataka kusema nini. Kila kazi! Nikaona isiwe tabu, nikaacha chuo. Leo ndiyo mtaji wangu huo, watu wanapanga foleni." Alisema kwa uchangamfu, hakuwa na kinyongo hata chembe. Kisha akasoma alichopika:

*Mimi kwa upande wangu napenda kusema ya kwamba kuhusiana na suala zima la ripoti ambayo ni ripoti niliyoileta katika hali halisi haikuwa kazi yangu mimi kama mimi, muda nao ulikuwa ndiyo hivyo, na hofu, kwa sababu kompyuta ipo na mtu unajikuta tu umetumia. Hivyo basi naomba kurudia kama inawezekana kurudia na radhi pia.*

"Kumi na nne," akasema, na foleni nzima ikashusha pumzi.

Mwalimu akatia mkono mfukoni. Mchafuzi akamzuia. "Acha, Mwalimu. Kwako ni bure. Wewe ndiye unayeniletea wateja."

*

Kamati ilikaa kwenye chumba chenye meza ndefu na feni inayolalamika. Mwalimu aliruhusiwa kukaa kwenye kiti cha ukutani, mradi asifungue mdomo. Mpwa wake alisimama. Mkuu wa Idara alivaa miwani, akaisoma barua kwa sauti, polepole, na kila ilipopotea njia naye akapotea nayo, akarudi nyuma, akaanza upya. Alipofika mwisho alivua miwani, na macho yake yalikuwa yamelainika.

"Unaona?" akasema. "Hii hapa. Huyu sasa ni wewe. Nimekusikia humu ndani, na hofu yako nimeisikia. Ungeandika hivi tangu mwanzo tusingefika hapa."

"Kumi na nne tu," akaongeza Bwana Asilimia, anatabasamu kwa dhati, furaha ya mtu aliyeona kondoo amerudi zizini. "Unaweza, dada. Kwa nini ulijidharau?"

Binti alikuwa ameuma midomo. Mwalimu kwenye kiti chake aliomba kimya kimya asije akasema chochote, na wakati huohuo, Mungu amsamehe, aliomba aseme.

"Asanteni," akasema binti. "Nimejifunza."

Akapewa kurudia somo. Hakufukuzwa. Nyumbani mama yake alimkumbatia, akapiga vigelegele peke yake kati ya vitambaa, na majirani wakaja kuuliza kama kuna harusi. Binti alijiachia akumbatiwe, mikono yake mwenyewe ikining'inia tu. Alipoachiwa, alikwenda kuoga, akakaa bafuni mpaka maji ya ndoo yakapoa.

Mwalimu hakuwepo. Mkuu wa Idara alikuwa amemkamata kwenye korido, akamwekea mkono begani.

"Ile barua ya mpwa wako imenigusa, sikufichi. Tumechoka kusoma mashine. Jina tutalifuta, usihofu. Nataka iwe kielelezo kwenye somo lako, watoto wajue mtu anavyoandika."

"Kielelezo," akasema Mwalimu.

"Cha kwanza kabisa. Nitakuja mwenyewe siku ya ufunguzi."

Mwalimu angeweza kukataa. Angeweza kusema yote palepale, jina la duka, jina la aliyepinda kila neno. Lakini mtoto alikuwa bado hajarudia somo, na cheti bado hakijasainiwa, na wa kusaini alikuwa huyo mwenye mkono begani mwake.

"Sawa, mkuu," akasema.

*

Muhula mpya ukaanza, ukumbi ukajaa pomoni. Mkuu wa Idara alikuwa amekaa mbele, pembeni, miguu ameikunja, kama mzazi siku ya mahafali. Binti alikaa safu ya nyuma kati ya watoto wa mwaka wa chini yake, shali amejifunika hadi mashavuni. Projekta ikawaka, barua ikajaa ukuta mzima.

"Haya ndiyo maandishi ya kweli ya mwanafunzi," akasema Mwalimu. Sauti ilimtoka kavu. "Yasomeni."

Ukumbi ukasoma. Midomo ilikuwa ikichezacheza, nyuso zikikunjana. Kisha msichana mmoja wa safu ya mbele, mgeni, sare yake ya karakana bado mpya haijawahi kufuliwa, akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Mimi sijaelewa huyu anataka kusema nini."

Swali lile Mwalimu alikuwa amelisubiri tangu aanze kufundisha: mwanafunzi asome, asielewe, na awe na ujasiri wa kusema hivyo mbele za watu. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo angeweza kufundisha mpaka sauti imkauke. Mkuu wa Idara aliinua nyusi akingoja jibu. Kule nyuma, juu ya shali, macho ya mpwa wake yalikuwa yamemkazia.

"Ameandika mwenyewe," Mwalimu akasema. "Ndiyo maana."

Msichana alisitasita. "Kwa hiyo na sisi tuandike hivi?"

Mkuu wa Idara aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Nakilini," akasema Mwalimu.

Vichwa vyote vikainama. Safu ya nyuma, binti akafungua daftari lake, akanyoosha ukurasa kwa kiganja, akaanza kunakili pamoja na wenzake.